Egzema ya mtoto si kosa la mama yake

Mtoto akijikuna usiku kucha hadi ngozi ya nyuma ya magoti inatoa maji, mara nyingi maneno hutangulia matunzo. Jamaa ya bwana husema bibi alikula vibaya alipokuwa na mimba. Jirani husema ni sumu, ama uchawi. Na tangu mpox ienee kutoka Kamituga, hadi Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura mwezi Agosti 2024, mtoto mwenye vipele vyovyote hutazamwa kwa woga darasani, ingawa egzema haiambukizi mtu yeyote.

Egzema hutembea ndani ya ukoo. Mwaka 2006, watafiti wa Dundee, huko Scotland, wakiongozwa na Irwin McLean, walionyesha kwamba mtu mwenye hitilafu katika jeni ya filagrini yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuipata. Filagrini ni protini inayokaza ngozi ya juu na kuzuia maji yasipotee. Ikipungua, ngozi hukauka na kupasuka, kisha vumbi na sabuni kali hupata njia ya kuingia. Pumu na mafua ya vumbi mara nyingi hufuatana nayo katika jamaa moja. Na jeni hutoka kwa baba sawasawa na kwa mama! Basi wakwe wanaomshitaki bibi wangeanza kuuliza ni nani kwao anayehema kwa shida wakati wa kiangazi.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Hitilafu zile zinazojulikana sana Ulaya ni nadra kwa Waafrika. Wagonjwa walipimwa Ethiopia na Afrika Kusini, zikaonekana kidogo sana ama hazikuonekana kabisa, na huku egzema ipo. Maana yake, jeni nyingine zinahusika, na kipimo kilichotengenezwa kwa Wazungu hakiwezi kumtuliza mzazi wa Kadutu. INRB ya Kinshasa imesoma jeni za virusi vya mpox vya Kamituga, na dunia nzima ikatumia kazi hiyo. Nchi yenye wataalamu wa namna hiyo haikosi akili ya kuchunguza ngozi za watoto wake. Inakosa feza zilizowekwa kwa kazi hiyo.

Wakati huo haujafika, lakini swali moja halilipishwi hata franka: katika jamaa, nani ana egzema au pumu? Kila muuguzi angeliuliza, tena akikumbuka kwamba kwenye ngozi nyeusi egzema haionekani nyekundu kama katika vitabu vya Ulaya. Huwa ya kijivu, ama nyeusi zaidi, ama vipele vidogo vidogo, na kwa hiyo hupita bila kutambuliwa. Mafuta yasiyo na manukato, yakipakwa ngozi ikiwa bado mbichi baada ya kuoga, husaidia. Pomadi za klobetasoli zinazouzwa sokoni kwa kujichubua, mtoto asipakwe bila munganga. Zinatuliza siku chache, kisha zinachakaza ngozi.

Mtoto mwenye egzema akishikwa na mpox anaweza kuugua vibaya kuliko wenzake, kwa sababu ngozi yake tayari iko wazi. Jambo hilo lingeandikwa kwenye karatasi yake ya kituo cha afya tangu leo.