Mlinzi Ndiye Pekee Anayeongea Kama Babu Yangu

Niseme mapema, ili asiyetaka ugomvi aondoke mapema: ugonjwa mkubwa wa sinema zetu si pesa, kama tunavyoambiwa kila mwaka. Ni masikio. Waandishi na waongozaji wetu hawasikilizi watu wanavyoongea. Na wakisikiliza, wanasikiliza ili wapate cha kuchekea. Ushahidi ninao, na nimeutoa nyumbani, Ndanda.

Desemba iliyopita nilikwenda likizo. Jioni moja mimi na mjomba wangu tuliingia kibanda umiza kuangalia mpira. Mechi ilikuwa bado, kwa hiyo mwenye kibanda akatuwekea filamu ya Kibongo tupoteze muda. Jina la filamu siitaji, maana kosa lake si lake peke yake. Hadithi mnaijua hata kama hamjaiona: jumba la kifahari Dar es Salaam, mume mwenye pesa, mchepuko, mama mkwe mwenye mdomo. Dakika ya kumi hivi geti likafunguliwa na mlinzi akatokea. Kaptula pana, rungu, filimbi shingoni, soksi moja juu na nyingine chini. Hajasema neno, watu wameshaanza kucheka. Akafungua mdomo: "Bochi, kuna ntu hapa getini anakutaka." Kibanda kizima chini!

Hapo ni Ndanda, jamani. Waliojaa mle ndani ni Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, watu ambao wengi wao wakirudi nyumbani wanaongea hivyohivyo, au walilelewa na anayeongea hivyohivyo. Nilicheka. Mjomba naye alicheka. Filamu ilipokatwa ili mpira uanze, akanigeukia. "Mjomba," akaniuliza, maana mimi na yeye tunaitana hivyo, "yule mlinzi jina lake nani?"

Nikafikiri. Nikamuuliza kijana wa mbele, naye akafikiri. Hakuna aliyejua. Mlinzi alikuwa ametokea mara sita au saba, ametuchekesha kuliko wote, na hakuna mtu ndani ya filamu ile aliyewahi kumwita kwa jina.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikihesabu, na nawaomba nanyi mhesabu. Katika filamu na tamthilia zetu, ni nani anayepewa lafudhi ya kusini? Mlinzi. Shamba boi. Mganga wa kienyeji mwenye manyoya na kibuyu. Mshamba aliyeshuka stendi na kifurushi, anayeibiwa kabla hajavuka barabara. Mimi bado sijamwona daktari anayeongea hivyo, ingawa hapa Ndanda kuna hospitali ya misheni inayojulikana kusini nzima, na kwenye wodi zake utasikia lafudhi hiyo ikitoa dawa na ikitoa taarifa za msiba. Sijamwona mwanasiasa anayeongea hivyo, ingawa rais wa awamu ya tatu, Benjamin Mkapa, alizaliwa Lupaso, Masasi hii hii. Na sijaona watu wawili wakitongozana kwa lafudhi hiyo. Kana kwamba sisi huku tunazaliana kwa kulinda mageti.

Sasa nije kwenye dhambi yangu, maana nisipoisema mtadhani nahubiri.

Miaka kadhaa iliyopita mwongozaji mmoja alinitafuta. Alikuwa na mwigizaji aliyetakiwa "kuongea Kimakonde", yaani Kiswahili chenye lafudhi, naye akasikia kuna mwandishi wa habari anayetoka huku. Nilifurahi. Nilikaa na yule mwigizaji siku mbili nikimfundisha kumwongea babu yangu. Babu alilima korosho huko juu Newala, alijua Kimakonde, Kiyao na Kiswahili, na alikuwa mzungumzaji hasa. Alikuwa na namna ya kuivuta sauti mwishoni mwa swali, ukajua hakuulizi bali anakupa nafasi ya kukiri. Kwa lafudhi hiyohiyo alibishana na makarani wa mizani, akasuluhisha ndoa za watu, akatuhadithia usiku mpaka tukaogopa kutoka nje.

Mwongozaji akasikiliza mazoezi yetu. Akasema, "Iko poa kaka, ila haichekeshi. Ongeza."

Nikaongeza. Nilibuni makosa ambayo hakuna mtu wa Newala, Tandahimba wala Masasi anayeyafanya. Niliweka "nch" hata mahali ambapo ulimi wa Kimakonde hauna haja nayo. Mwongozaji akacheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikapokea elfu hamsini yangu. Bei ya babu ilikuwa hiyo. Kwa hiyo nikisema lafudhi ya mlinzi wa kwenye sinema si ya Kimakonde, najua ninachosema. Ni lafudhi ya kutengenezwa, na mmoja wa watengenezaji ni mimi.

Kuna watakaosema dawa ni kuwafanya waigizaji wote waongee Kiswahili sanifu. Hapana. Ukisanifisha kila mdomo unapata filamu ambayo watu wote wanaongea kama taarifa ya habari, na hizo tunazo za kutosha. Nina mfano wa kinyume, nao ninyi wapenzi wa vitabu mnaujua.

Mwaka 2021 filamu ya Amil Shivji, Vuta N'kuvute, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, Kanada. Mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, ikiwa filamu yetu ya pili kupelekwa huko baada ya Maangamizi mwaka 2001. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ile ya Yasmin anayeikimbia ndoa ya mzee Raza, akapokelewa na Mwajuma, akampenda Denge mwanaharakati, katika Zanzibar ya siku za mwisho za mkoloni. Watu waliisifia picha yake, rangi zake na muziki wake. Sawa. Mimi nilikaa nikisikiliza. Watu wa mle ndani wanaongea kama watu wenye kwao. Hakuna aliyewasahihisha ili mtazamaji wa Kinondoni asichoke, na hakuna aliyewatia chumvi ili acheke. Lafudhi imeachiwa kazi ya lafudhi: inapenda, inaficha siri, inapanga njama, inatania.

Litazameni hata hilo jina. N'kuvute ni "nikuvute" iliyomezwa irabu. Si jambo lilelile na "ntu" ya babu yangu kisarufi, najua, lakini kwa sikio la mtu wa mjini yote mawili ni maneno yaliyomezwa. Sasa nielezeni: kwa nini kumeza kwa Unguja kunaandikwa kwenye bango na kupigiwa makofi Toronto, na kumeza kwa Newala kunavalishwa kaptula na kupewa rungu? Unguja ina nini ambacho Newala haina? Jibu ninalo: ina riwaya. Shivji alipoanza kazi alikuta Adam Shafi ameshawasikiliza wale watu, ameshawapa majina, makazi, hasira na njaa. Mwandishi alitangulia, kamera ikafuata. Kwetu kamera imetangulia, na aliyeishika hajasoma kitu wala hajauliza mtu.

Wala msiniambie huku hakuna hadithi. Tarehe 22 Mei 2013, baada ya bajeti ya nishati kusomwa bungeni, Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la kusafirisha gesi kwenda Dar es Salaam. Januari ya mwaka huohuo vurugu zilikuwa zimeshafika hadi Masasi. Watu walikufa, mali ikachomwa. Ndani ya familia moja ungemkuta mtoto barabarani na baba yake akiwa mtumishi wa serikali. Hiyo peke yake ni filamu. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei ya korosho kwenye minada, na Novemba Rais Magufuli akaagiza jeshi lizinunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya jeshi yakaja kubeba korosho! Mfikirieni mama mwenye magunia matatu, anayedaiwa pesa ya salfa na ada ya shule, na mnunuzi wa kangomba ambaye juzi alikuwa rafiki na leo anajificha. Mwandishi gani wa sinema anaikosa hiyo?

Bado sijaenda nyuma. Kuanzia Septemba 1964 vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipiganwa ng'ambo ya Ruvuma, na koo zilizokuwa pande zote mbili za mto zikapokea wakimbizi ambao walikuwa ndugu zao. Wazee walioyaona hayo wanaondoka mmoja mmoja. Na kama ni mandhari mnayotaka, pandeni Newala mkasimame Shimo la Mungu asubuhi, mtazame bonde mpaka macho yachoke. Mandhari haidai malipo.

Najua majibu, kwa sababu nimeshayapokea mezani, kwenye daladala na kwenye simu.

La kwanza: ni vichekesho tu, una hasira za nini? Hata Wamakonde wenyewe wanacheka. Ni kweli tunacheka, nimeshasema hata mimi nilicheka. Tena sisi ni mabingwa wa kuchekea wengine. Wachongaji wa Kimakonde walichonga vinyago vya mapiko vyenye sura za wageni, Mzungu na Mhindi, vikachezwa ngomani mbele ya kijiji kizima. Mkoloni aliigizwa kutembea kwake na kiburi chake. Lakini aliyeigizwa alikuwa na bunduki na ofisi. Mcheza ngoma alikuwa anamcheka mkubwa. Filamu zetu zinamcheka mtu anayelala nje ili tajiri alale ndani. Na utani wa kwetu una sheria: ukinitania, nami nina zamu yangu. Yule mlinzi zamu yake ilikuwa lini?

La pili: hatuna bajeti. Hili ndilo linalonichosha kabisa. Hakuna anayebisha kwamba pesa ni ndogo, kwamba wezi wa kazi za wasanii wamewatia umaskini watu wenye vipaji, na kwamba tamthilia za Azam na Maisha Magic Bongo ndizo zilizowapa wengi ajira ya kueleweka. Watazamaji nao wapo. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliojaa kumzika ulikuwa wa watu waliompenda kama ndugu. Lakini kumpa mlinzi jina kunagharimu shilingi ngapi? Kuandika mstari mmoja ambao anaongea na mkewe kwa simu kunahitaji kamera gani? Tuliweza kuipa filamu ya Kiswahili jina Oprah ili tuonekane wa kimataifa, tukashindwa kumwita mtu wa Masasi kwa jina lake.

La tatu ndilo lenye uzito: basi tengenezeni zenu. Nalikubali nusu. Masasi wapo vijana wanaorekodi vichekesho kwa simu, na wana vipaji. Nimekaa na baadhi yao. Mmoja alinionyesha kazi yake kwa fahari: amevaa kitenge cha bibi yake, anaigiza kikongwe kinachochanganyikiwa na simu janja. Lafudhi ile ilikuwa ileile ya kwenye sinema, ile ya kutengenezwa, na bibi yake mwenyewe, aliyekuwa amekaa hatua tano kutoka tulipo akibangua korosho, haongei hivyo hata kidogo. Nikamuuliza kwa nini hakumuiga bibi anavyoongea hasa. Akanijibu, "Hivyo haichekeshi, bro."

Nilinyamaza. Ningemjibu nini, na maneno yale niliyasikia kwanza kwa aliyenilipa elfu hamsini?

Ndiyo maana sikubali kwamba ni vichekesho tu. Kijana yule ana masikio mazima na bibi yake yuko hai, lakini akitaka kumwigiza anamtafuta bibi wa Dar es Salaam aliyebuniwa na watu wasiowahi kupanda Newala. Tumemfundisha kwamba nyumbani kwao si pa kuaminika mpaka paongezwe chumvi. Huyo ndiye ambaye angetuandikia filamu ya gesi, au ya korosho, au ya mto.

Kwa hiyo siwaombi waongozaji wetu waache kutuchekesha, wala wajaze filamu mawaziri wenye lafudhi ya kusini ili nifurahi. Nawaomba wasome riwaya moja kabla ya kuandika skripti, kisha wakae kibarazani kwa mtu wiki moja, wakinyamaza. Na nyie mnaoandika, mlioko Masasi, Newala na Tandahimba, andikeni hao watu kwanza. Kamera itawakuta njiani kama ilivyomkuta Adam Shafi, miaka 22 baada ya kitabu.

Mimi nikiitwa tena kufundisha lafudhi, masharti yangu yamebadilika. Sitauliza bei kwanza. Nitauliza huyo mtu anaitwa nani, kwao ni wapi, na nani anamsubiri nyumbani asubuhi zamu ikiisha. Kama majibu hayamo kwenye skripti, mtafuteni mwingine.