Kikombe cha Maharagwe Yaliyokwisha Chemshwa

Katika nyumba nyingi za Kampala zinazosifika kwa kubana matumizi, kipo kitu kimoja ambacho mwenye nyumba hakubali kukiacha hata mwisho wa mwezi umkute na sarafu mbili tatu. Mke wa askari aweza kukaa wiki tatu bila kununua nyama, akashona upya sare za watoto za shule, akazima taa mapema ili uniti za umeme zifike Jumapili. Lakini ikifika saa kumi na moja jioni, utamwona akitoka na bakuli lake kwenda kununua maharagwe yaliyokwisha chemshwa. Majirani hunong'ona kwamba huo ni uvivu. Mama mkwe akija kutoka kijijini hushangaa zaidi, kwani kwake kununua maharagwe yaliyochemshwa na mtu mwingine ni kama kununua maji ya mvua.

Lawama hiyo yafaa ipimwe kwa hesabu.

Maharagwe na posho ni chakula ambacho askari wa Uganda hahitaji kuelezwa. Neno lenyewe posho, kwa Kiswahili cha zamani, ni chakula cha kugawiwa, yaani fungu apewalo askari, mpagazi au kibarua. Nchini Uganda neno hilo limehama kutoka kwenye fungu likawa jina la ugali wenyewe. Jikoni kambini, maharagwe hutiwa katika masufuria makubwa juu ya moto wa kuni, na askari aliye kwenye foleni hana haja ya kuuliza ni kuni ngapi zimeteketea. Swali hilo huanza siku anapooa na kuwasha sigiri yake mwenyewe.

Maharagwe makavu ambayo hayakulowekwa huchukua saa mbili hadi tatu kuiva juu ya makaa, na yale yaliyokaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu huwa magumu zaidi, pengine yasiive kabisa hata yakichemka mchana kutwa. Tena Kampala ipo juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mahali penye kimo hicho maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 96 hivi, wala si 100 kama huko Mombasa au Dar es Salaam. Nyuzi nne zaonekana kuwa kitu kidogo, lakini chakula kigumu huzihisi, na sufuria hukaa motoni muda mrefu zaidi.

Muda huo wote ni makaa. Na makaa si kitu cha kuokota. Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kukomesha biashara ya makaa katika mikoa ya kaskazini, ambako miti mingi ilikuwa ikikatwa kwa ajili ya majiko ya mjini, na wanunuzi wa Kampala waliona matokeo yake katika bei ya gunia. Mwenye kununua gunia zima huumia mara moja. Mwenye kununua kwa mkebe huumia kila siku, tena kwa bei iliyo kubwa zaidi kwa kila kilo, na familia nyingi za askari wa vyeo vya chini zimo katika kundi hili la pili.

Sasa hesabu. Watu wengi hukosea mwanzoni kabisa, kwa kulinganisha bei ya kikombe cha maharagwe makavu na bei ya kikombe cha yaliyochemshwa, kisha wakasema muuzaji ni mwizi. Vikombe hivyo viwili si ndugu. Maharagwe hunywa maji, na kikombe kimoja cha makavu kikiiva hujaza vikombe viwili na nusu hivi. Kwa hiyo anayetaka ukweli aweke upande mmoja bei ya vikombe viwili na nusu vya muuzaji. Upande wa pili aweke bei ya kikombe kimoja kikavu, pamoja na makaa ya saa tatu, pamoja na maji. Aifanye hesabu hiyo kwa bei za soko lake mwenyewe, liwe Nakawa au Kalerwe, maana bei hazikai mahali pamoja. Kwa familia ndogo inayopika kikombe kimoja au viwili, mara nyingi ataona tofauti ni ndogo mno, na makaa yakipanda, mizani humwelekea muuzaji.

Sababu yake haina uchawi. Moto unaochemsha kikombe kimoja cha maharagwe hupoteza joto karibu sawa na moto unaochemsha sufuria iliyojaa. Mama anayechemsha debe zima kwa wakati mmoja, kwa kuni, juu ya mafiga yaliyokingwa upepo, hutumia moto kidogo sana kwa kila kikombe. Yeye hupata faida, na mnunuzi hupata nafuu, na wote wawili wamekula katika makaa ambayo hayakuchomwa. Ndiyo maana desturi hii haikuzaliwa Kampala peke yake. Mitaani Nairobi githeri iliyochemshwa huuzwa kwa kipimo, naye mwenye nyumba huikaangia vitunguu vyake. Mombasa, mbaazi za nazi na mahamri hununuliwa asubuhi kutoka kwa mama wa jirani hata na watu wanaojua sana kuzipika. Hakuna anayewaita wavivu.

Lakini lipo jambo kubwa kuliko shilingi. Familia nyingi za askari huishi katika chumba kimoja. Wako waliolea watoto ndani ya unipoti, vile vibanda vya bati vya mviringo vilivyojulikana kwa miaka mingi katika kambi za polisi kama Nsambya na Naguru, ambamo kitanda, sanduku na jiko hupakana. Katika nyumba kama hizo imeingia desturi ya kuchemsha maharagwe usiku: mvua ikinyesha, au kwa hofu ya wezi wa sufuria, sigiri huingizwa ndani, mlango hufungwa, watu hulala huku sufuria ikitokota. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi wa kuonekana, na kwa sababu hiyo watu huyaamini. Kumbe hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Hewa hiyo hushika damu mahali pa oksijeni. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala hasikii kitu, na huenda asiamke. Wamekufa watu hivyo mjini Kampala, baba, mama na watoto katika chumba kimoja. Askari aliye lindo la usiku hayupo nyumbani kufungua dirisha. Basi bakuli la maharagwe yaliyochemshwa, ambalo shemeji analicheka, limeondoa nyumbani moto wa saa tatu na kuacha moto wa dakika ishirini, unaoweza kuwashwa nje mchana na kuzimwa kabla ya giza.

Wapo watakaouliza habari za umeme. Sufuria ya umeme ya presha huivisha maharagwe kwa chini ya saa moja na kwa chini ya uniti moja, hilo ni kweli, na penye mita yake yenyewe ni njia njema. Ila bei nafuu ya kupikia iliyowekwa nchini mwaka 2022 haikuanzia kwenye uniti ya kwanza. Ilipangwa kwa uniti za 81 hadi 150 za mwezi, shilingi 412 kwa uniti wakati huo, ili kumvuta anayepika kwa umeme kila siku. Mwenye taa mbili na redio hafiki huko. Na mwenye kutumia umeme wa pamoja wa kambi huenda akakatazwa kabisa kuchomeka chombo cha kupikia.

Yasemwayo hapa juu ya maharagwe yasichukuliwe kuwa ruhusa ya kununua kila kilichotayarishwa. Karanga ni mfano wa kinyume. Unga wa karanga, au binyebwa kama uitwavyo Buganda, huuzwa tayari katika kila soko na huokoa kazi ya kinu; lakini karanga iliyoota ukungu ikishasagwa haionekani tena, na ukungu huo hutoa sumu ya aflatoksini iharibuyo ini, wala haiishi kwa kupikwa. Hapo mwenye busara hununua karanga nzima, huchambua zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, kisha huzisagisha palepale akitazama. Sukari na mafuta ya kupikia yanayopimwa kwa vipakiti vidogo ni habari nyingine. Hayo humnyonya mnunuzi taratibu, na wake wawili wa kambi moja wakichanga kununua kwa wingi hutoka humo upesi. Kuhusu maji ya dumu yaletwayo mlangoni, bei ya mbebaji huweza kuzidi bei ya bomba la umma mara kumi na zaidi, lakini mama mjamzito au mwenye mtoto mchanga mgongoni asiulizwe kwa nini analipa.

Maharagwe ya kununua nayo yana masharti. Yanunuliwe kwa mtu mmoja anayejulikana, jioni ya siku yaliyochemshwa, na swali la kwanza liwe yamechemshwa saa ngapi. Yenye povu au harufu ya uchachu ni ya jana yaliyochanganywa. Yakiwa laini mno, yenye utelezi na ladha kama ya sabuni, yametiwa magadi kupita kiasi. Magadi huyaivisha haraka, lakini huharibu vitamini. Aina ya kanyebwa yapendwa na wapishi kwa ladha na kwa kuiva upesi bila hila yoyote. Bakuli lenye kifuniko litoke nyumbani, maana maharagwe ya moto hayapaswi kumiminwa katika mfuko wa plastiki, na tena mifuko myembamba imekatazwa na sheria ya Uganda. Anayesema, "Mama, nipimie chini ya sufuria," hupata mchuzi mzito zaidi.

Yakifika nyumbani, yachemshwe tena mpaka yatokote barabara hata kama yangali ya moto. Kwa vikombe vinne kaanga kitunguu kimoja katika kijiko kimoja cha mafuta, tia nyanya tatu zilizokatwa na chumvi, acha zilainike, kisha mimina maharagwe pamoja na mchuzi wake. Vijiko vitatu vya karanga zilizosagwa vikorogwe kwanza katika maji ya uvuguvugu ili visifanye madonge, ndipo vitiwe sufuriani na kuachwa dakika kumi kwa moto mdogo huku vikikorogwa. Huliwa na posho, matoke au viazi vitamu. Fungu la mtoto mdogo lipondwe kwa uma mpaka maganda yapasuke, na la baba aliye lindo lifunikwe, likapashwe moto arudipo.