Watunzi wasiogope kugusa madaraka

Nina maoni machache kuhusu watunzi wa michezo ya kuigiza na sinema zetu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Bagamoyo. Mwaka jana wanafunzi wangu walitayarisha mchezo wa siku ya wazazi. Ndani yake alikuwamo mwenyekiti wa kijiji anayedai kuku kabla ya kusikiliza shauri la mjane. Siku ya mazoezi mzee mmoja aliniita pembeni akaniambia, "Mwalimu, kipande hicho kitoe, wapo watakaodhani wanasemwa wao." Nikakitoa. Makofi yalipigwa, lakini mtoto aliyeigiza mjane akaniuliza, "Mwalimu, kwani tulisema uongo?" Nilikosa jibu.

Ndugu Mhariri, wapo wanaosema kwamba mtunzi akigusa madaraka anabomoa nchi. Sikubaliani nao. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa mchezo wa Kinjeketile, unaohusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Hakumfanya Kinjeketile kuwa malaika. Alimwonyesha kama mtu mwenye mashaka, ambaye neno lake juu ya maji liliwaunganisha watu, kisha likamshinda nguvu yeye mwenyewe. Mchezo huo umesomwa mashuleni kwa miaka mingi na taifa halikubomoka. Tulichojifunza ni kwamba kiongozi naye ni mtu.

Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa sinema ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, kuhusu Zanzibar wakati wa ukoloni. Ni kazi ya kujivunia. Lakini mkoloni amekwisha ondoka, na kumsema aliyeondoka si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kujisema sisi wenyewe.

Hapa Pwani tunaye Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889 mpaka akanyongwa Pangani, Desemba 1889. Alikuwa jasiri, hakuna ubishi. Lakini alikuwa pia na shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Mtunzi atakayeandika sinema yake asiufiche upande huo. Atuonyeshe yule mtumwa shambani: je, vita vya bwana wake aliviona ni vyake? Tukimpaka shujaa rangi moja tu, watoto wetu watadhani kila mwenye nguvu ana haki.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni ya hapa Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, iwalete wanafunzi wake vijijini wakae mikutanoni na kusikiliza mashauri yetu. Huko ndiko ziliko hadithi, si katika majumba ya fahari na magari tu. Pili, Bodi ya Filamu inapokagua kazi za watunzi itofautishe matusi na ukweli mchungu.

Nami sitawanyoshea wengine kidole peke yao, kwa kuwa niliogopa kuku wa mchezo. Siku ya wazazi ya mwaka huu kuku huyo atarudi jukwaani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Bagamoyo.