Eti Awali Afundishe Yeyote

Katika kikao cha wazazi kwenye kata moja ya huku kwetu Maswa, mjumbe wa kamati ya shule alisimama kutupatia dawa ya upungufu wa walimu. Mwalimu wa awali apelekwe darasa la saba, maana mtihani umekaribia. Na watoto wa awali je? "Watafutiwe yeyote tu. Si wanaimba?" Makofi. Mwalimu mkuu akaandika kwenye daftari lake, mtendaji akaangalia saa, tukaingia kwenye ajenda ya mchango wa mlinzi, iliyokula saa nzima kwa kelele na jasho. Huyo mlinzi alijadiliwa jina, umri, ukoo na hata pombe anazokunywa. Yeyote hakuulizwa lolote.

Nimechoka na huyu Yeyote. Hana cheti, hana mshahara, hana namba ya ajira, lakini ndiye tunayemkabidhi watoto wa miaka mitano. Akikosekana kabisa, anatafutwa mwalimu anayesubiri kustaafu, au aliyegombana na mkuu wake na sasa anaadhibiwa kwa kupelekwa "kwa vidudu", au binti aliyemaliza kidato cha nne juzi na hana la kufanya. Akishapatikana tunatembea kifua mbele: darasa la awali lipo. Takwimu zinapanda wilayani, zinapanda mkoani Bariadi, zinapanda Dodoma. Zikifika huko, nani atajua kwamba nyuma ya tarakimu kasimama Yeyote na fimbo?

Tusidanganyane kuhusu chanzo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kuwa mwaka mmoja wa awali ni wa lazima. Januari 2016 ada na michango ya lazima vikaondolewa, wazazi wakaitika. Uandikishaji wa awali nchini uliruka kutoka watoto zaidi kidogo ya milioni 1 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2016. Watoto walikuja, walimu hawakuja. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Takwimu za serikali yenyewe, tena zaidi ya mwaka mmoja, zimeonyesha watoto zaidi ya 100 kwa kila mwalimu wa awali mwenye sifa katika shule za umma. Hapo ndipo Yeyote alipopata kazi, na hapo ndipo sisi tulipoanza kujifariji kwamba kazi yenyewe si kazi.

"Wanaimba tu." Sentensi hii nimeisikia kwa madiwani, kwa wazee wa mila, kwa walimu wa sekondari wenye shahada zao, na msibani nimeisikia kwa mtu aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa elimu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufungua mtaala wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Toleo la mwaka 2016 lilitaka mtoto ajenge umahiri katika mambo sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kumudu stadi za awali za kihisabati. Wimbo umo, ndiyo. Umo kama jembe lilivyo shambani. Lakini jembe halilimi lenyewe, linataka mtu anayejua mistari inakwenda wapi.

Njoo uone mtu anayejua. Nilimkuta mwalimu mmoja wa awali amekaa chini kwenye mkeka, mbele yake rundo la vizibo vya soda vilivyooshwa. Mtoto wa kike, kamasi puani, ameambiwa alete vizibo vitatu. Kaleta kiganja kimejaa. Mwalimu hakumkaripia. Alimsalimu upya kwa Kisukuma, "Mwangaluka", mtoto akacheka, kisha akaweka kizibo kimoja kimoja kwenye kiganja kile kidogo, akihesabu kwanza kwa Kisukuma, halafu kwa Kiswahili. Alipofika cha tatu aliukunja mkono wa mtoto, akamwambia ampelekee mwenzake. Mwenzake akahesabu tena, kwa sauti, kwa Kiswahili. Jambo lile halikumaliza dakika tano. Katika dakika hizo kulikuwa na hesabu, lugha, adabu ya kumpa mwenzako kitu, na mtoto aliyegundua kwamba shuleni hapigwi kwa sababu ya kutoelewa.

Sasa nenda kwa Yeyote. Watoto wamebanana sakafuni, wa nyuma wanatazama migongo. Fimbo inagonga ubao. "Semeni a!" "Aaaa!" "Semeni e!" "Eeee!" Mpaka saa ya uji, kama uji upo. Aliyeelewa na asiyeelewa wote wanapiga kelele ileile, kwa hiyo hakuna wa kumtambua aliyeachwa. Katika wilaya ambayo watoto wengi wanaamka na Kisukuma na kulala na Kisukuma, huyo aliyeachwa yupo, tena si mmoja. Anafika darasa la kwanza akiwa amejifunza jambo moja tu: kuitikia.

Nikisema haya naambiwa nimesoma vitabu vya Wazungu. Haya, tuchukue vya kwetu. Mwaka 2010 Lyabwene Mtahabwa, Mtanzania, pamoja na Nirmala Rao wa Chuo Kikuu cha Hong Kong, walichapisha utafiti wa kilichokuwa kikiendelea ndani ya madarasa ya awali ya mjini na ya kijijini hapa Tanzania. Walichokuta ni sera kwenda njia yake na darasa kwenda njia yake, na kijijini hali ilikuwa mbaya zaidi: nafasi finyu, watoto wengi kwa mwalimu, walimu wasioandaliwa vya kutosha. Mtahabwa huyohuyo baadaye akawa Kamishna wa Elimu wa nchi hii. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba wakubwa hawajui. Wanajua. Aliyeandika alikuja kukaa ofisini kwao.

Au twende pwani, Mombasa, katikati ya miaka ya 1980, ambako Bi Swafiya Said alianza kuwaandaa kina mama na mabinti wa mitaani kufundisha chekechea za madrasa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation. Mpango ukaenda Zanzibar mwaka 1990, kisha Uganda. Wengi wa walimu wale hawakuwa na shahada wala diploma. Walikuwa majirani wa watoto wenyewe. Lakini walifundishwa kazi, wakatembelewa darasani, wakasahihishwa, wakatembelewa tena. Mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar. Waliosoma awali waliwazidi waliobaki nyumbani. Na waliosoma katika chekechea za madrasa waliwazidi waliosoma chekechea nyingine. Rudia hiyo sentensi ya pili polepole. Wote walikuwa shuleni, wote waliimba. Kilichowatofautisha ni kilichofanyika ndani ya darasa.

Hata hapa Simiyu tulishaonyeshwa. Mkoa wetu ulikuwa kati ya mikoa ya mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014. Ndani yake kulikuwa na programu ya utayari wa kuanza shule, kwa watoto ambao hawakuwa wamepata awali, wengi wao wakiwa wa vijiji vya mbali wasiojua Kiswahili. Wafundishaji walikuwa vijana wa jamii. Najua mjumbe wetu anaruka kitini hapo: unaona, yeyote! Hapana, mheshimiwa, keti. Vijana wale walipewa mafunzo kabla ya kuingia darasani, walipewa hadithi zilizoandaliwa kwa mpangilio, walijua leo wanafundisha nini na kesho nini. Aliyeandaliwa hata kwa muda mfupi si Yeyote tena, ni mfundishaji. Mwaka 2020 mpango ulifika mwisho, magari ya mradi yakaondoka na vumbi lake, nasi tukarudia mazoea.

Nakuja kwenye hoja ambayo hutolewa kila mara kwa kujiamini kwa ajabu: "Mbona sisi hatukusoma chekechea na tumefika?" Hutolewa na mtu aliyevaa koti, amekaa meza kuu, ana chupa ya maji mbele yake. Baba, wewe umefika. Tuitie wenzako mlioanza nao darasa la kwanza. Yuko wapi yule aliyekaa nyuma, akaitwa mjinga hadi akaamini, akatoroka kwenda kuchunga kabla hajamaliza darasa la tatu? Hayupo meza kuu kutoa ushahidi. Yuko Lalago anapiga alama ya dole gumba kwenye fomu asiyoweza kuisoma. Ukiwahesabu waliofika tu, kila njia itaonekana nzuri.

Wengine wanasema awali inampotezea mtoto mwaka. Hilo nalo limepimwa. Jan Bietenbeck, Sanna Ericsson na Fredrick Wamalwa walichambua takwimu za Uwezo, zile tathmini za kujifunza kwa watoto, za Kenya na Tanzania, wakachapisha mwaka 2019. Ni kweli, waliopita awali huanza darasa la kwanza wakiwa wamechelewa kidogo, kwa hiyo wakiwa wadogo wanaonekana nyuma ya rika lao. Wakifika miaka 13 hadi 16 mambo yamegeuka: wamepanda madarasa zaidi na wanajibu maswali vizuri zaidi. Ongezeko si kubwa, na mimi sishangai. Kwa madarasa ya Yeyote mlitegemea nini?

Kinachonikera zaidi ni kwamba Simiyu tunajua kujituma tukitaka. Tulivumisha kambi za kitaaluma. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa, wakalala shuleni, wazazi wakachanga mahindi na maharage, walimu mahiri wakakusanywa kutoka huku na kule, mkoa ukapanda kwenye orodha ya matokeo. Vizuri. Lakini mkulima yeyote wa pamba wa Budekwa au Malampaka atakwambia kuwa shamba lililokosa palizi ya kwanza haliokolewi na bomba la dawa mwishoni. Sisi tunapulizia tu. Tunasubiri mtoto afike darasa la saba hajui kusoma vizuri, ndipo tunamwitia kambi, tunamchinjia mbuzi, tunamwombea dua. Na ili kambi ipate mwalimu, tunamng'oa wapi? Awali.

Na kwa kuwa nimeshakasirika, niseme na la mahafali. Siku hizi chekechea za kulipia zinawavalisha watoto wa miaka mitano majoho na kofia za chuo kikuu, wazazi wanachangishwa keki, muziki na mpiga picha. Mtoto anasimama kukariri sentensi mbili za Kiingereza asizozielewa, ukumbi unalipuka kwa vigelegele. Ukiuliza mwalimu wake amesomea wapi, unaambiwa anaongea Kiingereza. Yeyote wa shule ya serikali na Yeyote wa shule ya kulipia ni ndugu wa tumbo moja, huyu mmoja tu kavalishwa tai.

Halafu kuna ugonjwa wa majengo. Mwaka 2021 fedha za kukabiliana na Uviko zilijenga madarasa 15,000 nchini, 3,000 kati yake kwenye shule shikizi, zile zinazowasogezea shule watoto wadogo wa vitongoji vya mbali. Sipingi tofali. Mtoto asiyetembea kilomita nyingi kwenye mbuga ya tope ni mtoto aliyeokolewa. Ila tofali lina sifa moja inayopendwa na viongozi: linakatiwa utepe. Mwalimu aliyepelekwa kozi hakatiwi utepe. Wilaya yetu ina hata kiwanda cha chaki kilichoanzishwa na vijana. Chaki tunayo, kuta tunazo, utepe tumeshakata. Tunabishana tu kama ni lazima anayeshika hiyo chaki awe anajua anachofanya!

Mwishoni mwa mwaka 2021 taifa lilizindua Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka mitano, yenye jina refu kuliko subira ya wengi wetu. Kwenye makaratasi mtoto ametajwa vizuri sana. Lakini makaratasi hayahamishi walimu. Wanaohamisha walimu ni watu tunaowafahamu kwa majina, wenye mihuri, tunaokutana nao sokoni Nyalikungu.

Kwao nina ombi moja, na halihitaji mfadhili. Mgawo ujao wa walimu ukifika Maswa, aliyesomea awali apangwe awali na abaki awali, mtihani wa darasa la saba uwe umekaribia au umebisha hodi. Mwalimu wa kujitolea asiingie kwenye darasa hilo kabla hajakaa, angalau wiki kadhaa, pembeni ya mwalimu anayeijua kazi. Na wewe mzazi, kabla hujampigia makofi anayetaka mtoto wako apewe mtu yeyote, uliza jina la mtu huyo na alikojifunzia kazi. Usipojibiwa, kataa, na hakikisha kukataa kwako kumeandikwa kwenye muhtasari wa kikao.