KODI SAWA SI KODI YA HAKI



Jina la Elwak latokana na visima. Visima vya Mungu, ndivyo wazee walivyoviita. Kila afikaye kisimani na mifugo ajua kwamba ngamia na mbuzi hawanywi sawa. Mwenye ngamia mia moja hawezi kusimama mbele ya wazee akadai kwamba yeye na mjane mwenye mbuzi watatu wameyatumia maji kwa kiasi kimoja. Twaanza na kisima kwa sababu swali la kodi ni swali hilo hilo: mzigo wa wote ugawanywe vipi ili asiwepo wa kuonewa?

Wapo wanaosema kwamba haki ni kiwango kimoja. Kila mtu, tajiri kwa maskini, atozwe asilimia ile ile ya pato lake. Wasema hesabu yake ni nyepesi, haimpi karani nafasi ya kupokea mlungula, wala haimwadhibu mwenye bidii. Na baadhi ya ndugu zetu makanisani huongeza kwamba fungu la kumi nalo ni moja kwa wote. Hoja hizi hatuzidharau. Lakini twauliza: anayepata shilingi 6,000 akitoa moja ya kumi, hubakiwa na 5,400, na hizo ni chakula. Anayepata 600,000 hubakiwa na 540,000. Kiwango ni kimoja. Je, maumivu nayo ni mamoja?

Dini zetu zenyewe hazikuliacha swali hili. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 5, asiyeweza kumtoa mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta njiwa wawili, na asiyewaweza hao akaleta unga. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa Elwak, wajua kwamba mwenye ngamia wanne hadaiwi zaka ya ngamia. Wakifika watano ndipo hutoa mbuzi au kondoo mmoja. Mwenye mbuzi 39 hadaiwi. Wa 40 ndiye alete wajibu. Kabla ya kuuliza mtu atoe nini, kwanza huulizwa nyumbani mwake kutabaki nini.

Mkoloni hakuuliza hivyo. Kodi ya nyumba, na baadaye kodi ya kichwa, ilimkabili Mwafrika kwa kiasi kisichojali kama ana ng'ombe mia au hana hata kuku. Asiyekuwa na fedha alilazimika kwenda kuitafuta kwa kibarua cha walowezi. Huo ulikuwa usawa wa hesabu, na ulikuwa dhuluma.

Kenya huru haikukosa kujifunza. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ngazi tano za kodi ya mapato, kuanzia asilimia 10 hadi 35, na kwa nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, mwenye mshahara wa 24,000 hakudaiwa kodi hiyo. Hilo twalisifu. Lakini kando ya ngazi hizo yakajengwa matozo ya kiwango kimoja. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kwa wote. Mchango wa afya wa SHIF, ulioanza Oktoba 2024, asilimia 2.75 kwa wote, ila usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Hapo ndipo penye mwiba. Apataye 200,000 hutoa 5,500, yaani asilimia 2.75. Apataye 6,000 hutoa 300, yaani asilimia 5. Maskini amepanda ngazi ambayo tajiri hakuiwekewa! Ni kweli kwamba chini ya NHIF mwenye mshahara mnono hakuvuka shilingi 1,700, na kuondolewa kwa kikomo hicho kulikuwa hatua ya haki. Lakini haki iliyofika juu haina budi kushuka hadi chini.

Kisha iko kodi isiyomwuliza mtu pato lake kabisa, kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka 2023 ile ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Lori litokalo Nairobi kupitia Garissa na Wajir hadi Elwak huchoma dizeli njia nzima, na gharama hiyo hufika pamoja na sabuni dukani. Mfugaji asiye na mshahara huambiwa kwamba halipi kodi. Hulipa kila anapofua kanzu yake.

Nasi tusijifiche nyuma ya umaskini wa Kaskazini Mashariki. Miongoni mwetu wamo matajiri wa mifugo na wenye malori wasiotozwa kwa ngazi yoyote, ilhali mwalimu hukatwa kabla hajaushika mshahara wake. Na ushuru wa soko, unaotozwa kwa kichwa cha mnyama, humtoza mbuzi aliyekonda sawa na aliyenona. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, mifugo ilikonda na bei yake ikaanguka. Ushuru wa kichwa haujui kukonda.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, hatukutafuta vyama vingi ili tuwe na bendera nyingi. Tulitafuta haki ya kumwuliza mtawala: wachukua kwa nani, na wampelekea nani? Vijana waliuliza hivyo Juni 2024 hadi Mswada wa Fedha ukaondolewa, na wengine walilipa kwa damu. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, yaagiza mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki.

Basi twadai haya. Ngazi za kodi ya mapato zilindwe, na zimfikie mwenye mali asiye na mshahara. Kima cha chini cha SHIF kiondolewe kwa apataye kidogo. Ushuru wa soko ufuate bei ya mnyama, usifuate kichwa chake. Na kila mgombea, wa chama chochote, ajapo kutuomba kura, aulizwe mbele ya watu: mzigo huu utaugawa vipi? Asiyekuwa na jibu, asipewe kura.