Bundi Apewe Nyumba

Wasomaji wa gazeti letu wamekwisha kusoma mara nyingi habari za panya: jinsi ya kuwatega, jinsi ya kuwawekea sumu, jinsi ya kuinua ghala juu ya nguzo na kuzivika nguzo hizo mabati. Yote hayo ni mema. Lakini naona tumemsahau mfanyakazi mmoja asiyedai mshahara, naye ni bundi. Maoni yangu ni kwamba kila mwenye shamba la mahindi amjengee nyumba ya mbao.

Najua wako watakaoliweka gazeti chini hapa. Hata mimi nililelewa nikiambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa, mtu wa nyumba hiyo atakufa. Kabla ya kuwa karani katika ofisi ya kilimo nilikuwa mwalimu, na katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha bundi wawili walikaa juu ya dari ya darasa letu. Wazazi wakanung'unika. Nikawapa wavulana ngazi, wakaokota mawe, nami nikasimama chini nikitazama. Waliua bundi mmoja na makinda manne. Wa pili hakurudi tena.

Mahali pale tuliona matonge meusi yaliyokauka, na watoto wakakimbia wakisema ni dawa ya mchawi. Nilivunja moja kwa kijiti. Ndani mlikuwa na manyoya na mafuvu matatu ya panya. Maana bundi humeza panya mzima, kisha hutapika mifupa na manyoya yaliyoshikamana. Nilikuwa na cheti changu cha ualimu, na somo nililowapa watoto siku ile ni kuua. Sitasema mahindi ya shule yaliliwa ghalani mwaka ule kwa sababu hiyo tu, kwa kuwa hata mlango wa ghala ulikuwa mbovu.

Na juu ya kifo, tufikiri kidogo. Nyumbani mwenye mgonjwa watu hukesha, taa inawaka, kila sauti inasikika. Bundi akilia usiku huo, wote humsikia. Lakini alilia juzi pia na mwezi uliopita, nasi tulikuwa tumelala fofofo. Kinachomleta ni panya, na panya huletwa na mahindi yetu.

Bundi ninayemsema ni yule mwenye uso mweupe ulio kama kopa la karata. Anaweza kumkamata panya gizani kwa kusikia tu. Kwa usiku mmoja hula panya wadogo watatu au wanne, na akiwa na makinda huwinda zaidi sana. Hajui kujenga kiota. Hutaga katika pango la mti, juu ya dari, au katika kiota kilichoachwa na fundichuma. Sasa miti mikubwa yenye mapango tumeikata, na kwa hiyo mahali pa kukaa ndipo panapomkosa.

Sanduku si kazi ya fundi mkubwa. Mimi nililijenga kwa siku mbili za mapumziko, kwa mabaki ya mbao za saiprasi. Sakafu iwe futi mbili kwa futi moja na nusu. Ubao wa mbele uwe na urefu wa futi mbili na nusu, na wa nyuma upungue inchi tatu ili mvua iteremke. Tundu la kuingilia liwe la inchi sita, na ukingo wake wa chini uwe futi moja na nusu juu ya sakafu. Hapo ndipo wengi hukosea. Wakiweka tundu chini, makinda hutoka kabla hawajajua kuruka, wakaanguka. Ndani usipige randa wala rangi, makinda wapate kushika kucha. Toboa matundu madogo sakafuni kwa keekee, tia maranda kidogo, na ubavuni weka mlango wa bawaba. Ukiezeka bati, liwe juu ya ubao, maana bati peke yake litawapika makinda.

Lipandishe futi kumi na mbili au zaidi, juu ya mti ulio peke yake au nguzo, likitazama shamba na kuupa mgongo upande wa mvua. Shina livikwe bati, kanu na nyoka wasipande.

Kisha uwe na subira. Wageni wa kwanza katika sanduku langu walikuwa nyuki, na jirani zangu walicheka sana. Bundi alikuja mwaka wa pili. Mama yangu hapiti chini ya mti ule usiku hata leo, wala simlazimishi.

Wala sisi si watu wa kwanza kuogopa. Huko Israeli, wakulima wa Sde Eliyahu walianza kutundika masanduku ya namna hii mwaka 1983. Mwaka 2002 wakulima wa Yordani nao wakaingia katika kazi hiyo, ingawa wengi kwao tangu zamani humwona bundi kuwa ndege wa mkosi.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Sumu zile za panya zinazozuia damu kuganda haziui papo hapo. Panya aliyekula sumu hutangatanga siku kadhaa akiwa mlegevu, na bundi humkamata yeye kwanza. Basi ukimjengea bundi nyumba huku ukitawanya sumu shambani, umemwita mgeni ili umlishe kifo. Chagua moja. Paka abaki, mitego ibaki, na bati za nguzo za ghala zibaki, maana bundi peke yake hamalizi panya wote. Na mwenye vifaranga awafungie bandani usiku, kama ambavyo angefanya kwa ajili ya kanu.

Kwetu Trans Nzoia mavuno huanza Oktoba. Anayetaka sanduku lake lizoeleke kabla ya hapo alipandishe mapema, na mara moja kwa mwaka, likiwa tupu, alifagie akiwa amejifunga kitambaa puani.