Wimbo mpya si muda wa kwenda chooni

Jana usiku hosteli tumebishana mpaka saa saba. Rumeti wangu anashikilia kwamba bendi ya roki ikipanda jukwaani ipige zile zile za zamani, hizo mpya tutazisikiliza wenyewe vyumbani. Nilikataa, na leo nakataa tena kwa maandishi.

Waangalieni Iron Maiden, wale Waingereza walioanza mwaka 1975. Mwaka 2006 walitoa albamu ya A Matter of Life and Death, nyimbo 10, dakika 70 na ushee. Kwenye ziara ya mwishoni mwa mwaka huo waliipiga yote, kwa mpangilio wake, ndipo wakamalizia na za zamani chache. Mashabiki wengine wakanuna, eti hela yao imeliwa!

Imeliwa vipi jamani? Kwani hizo za zamani hazikuwahi kuwa mpya? Hallowed Be Thy Name ilitoka 1982. Kama mashabiki wa mwaka ule wangedai za albamu ya 1980 tu, leo ungekuwa unadai upigiwe nini?

Sisi tunaosomea ualimu tunamjua vizuri mhadhiri anayesoma notsi zilizogeuka njano. Tunamsema kila siku kafteria. Sasa mbona bendi tunaitaka iwe hivyo hivyo?

Msanii si redio. Katunga kitu, mwache akisimamie mbele za watu, akikosea akosee. Za zamani zimejaa kwenye simu yako.

Rumeti, najua unasoma hapa. Jibu hoja, usinune.